Kuweka ukurasa wa mwanzo wa programu yako kwenye seva ya Apache

Karibuni. Leo tunashughulika na jambo moja tu: mtu akiandika anwani ya tovuti yako, ifunguke programu yako, siyo ule ukurasa ulioandikwa "It works!" unaokuja na Apache, yaani programu ya seva inayowapa wageni kurasa za tovuti.

Niko Kirumba, hapa Mwanza, juu kidogo ya soko la samaki la Mwaloni. Kelele unazosikia nyuma yangu ni wapakiaji wanapandisha magunia kwenye lori, mtanisamehe.

Programu ninayotumia kama mfano nimemtengenezea mama mmoja anayeuza dagaa wakavu. Kila asubuhi anaingiza bei ya gunia, na wateja wake wa Shinyanga na Bujumbura wanaiona kwenye simu kabla hawajatuma hela. Siku ya kwanza nilimfuata kibandani nikamwambia, "Mama, fungua sasa." Akafungua, akanigeuzia simu, kioo kimejaa vumbi la dagaa: "Mwanangu, mbona ni Kizungu kitupu? Bei zangu ziko wapi?" Programu ilikuwa imeshapanda kwenye seva, nzima kabisa. Ilikuwa imefunikwa tu.

Tuone imefunikwa na nini. Ingia kwenye seva yako, yangu inaendeshwa na Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kisha andika amri hii ya kusoma faili:

cat /etc/apache2/mods-enabled/dir.conf

Tazama mstari unaoanza na DirectoryIndex. Mbele yake kuna majina: index.html, index.cgi, index.pl, index.php, halafu mengine mawili. Hapa naomba utulie, kwa sababu ukipaelewa hapa, kazi iliyobaki ni kuandika tu. Mgeni akiomba anwani tupu bila jina la faili, Apache inashika orodha hii na kuita jina moja moja, kama karani anavyoita majina mlangoni. Wa kwanza kuitika ndiye anayehudumiwa, na waliobaki hawaitwi tena. Ukiweka index.php yako, yaani ukurasa wa mwanzo ulioandikwa kwa lugha ya PHP, ndani ya /var/www/html, mle tayari kuna index.html iliyokuja na Apache yenyewe. Inaitwa kwanza, inaitika, basi. Yako haikufikiwa.

Wengi hapo hufuta ile index.html. Ukurasa utafunguka, ni kweli, lakini mimi siishauri njia hiyo, kwa sababu programu nzima inabaki kwenye folda ambayo kila mtu anaweza kuifikia. Programu nyingi za PHP zina faili la .env lenye nywila ya hifadhidata. Faili hilo likikaa ndani ya folda inayotazama intaneti, mtu yeyote anaandika jina lake kwenye kivinjari na kulisoma. Vitabu vya biashara ya mtu haviachwi mlangoni.

Kwa hiyo programu yetu tunaiweka /var/www/beidagaa, na ndani yake kuna folda ndogo inayoitwa public. Index.php inakaa ndani ya public. Hiyo public peke yake ndiyo tutakayoionyesha kwa watu.

Tengeneza faili la mipangilio. Sudo ni kuomba ruhusa ya msimamizi wa seva, na nano ni programu ya kuandikia:

sudo nano /etc/apache2/sites-available/beidagaa.conf

Kisha andika hivi, polepole, herufi kubwa na ndogo kama unavyoziona:

<VirtualHost *:80>
ServerName jina-la-tovuti-yako
DocumentRoot /var/www/beidagaa/public
<Directory /var/www/beidagaa/public>
DirectoryIndex index.php
Options -Indexes
FallbackResource /index.php
</Directory>
</VirtualHost>

DocumentRoot inaiambia Apache ianzie wapi. DirectoryIndex sasa ina jina moja tu, kwa hiyo hakuna wa kuitangulia index.php. Options -Indexes usiiache hata kidogo: kwenye Ubuntu, folda zilizo chini ya /var/www zikikosa ukurasa wa mwanzo, Apache humwonyesha mgeni orodha ya mafaili yote yaliyomo. Hiyo alama ya kutoa inazima tabia hiyo. Na FallbackResource ni kwa ajili ya viungo kama /bei/leo, ambavyo si faili halisi. Bila mstari huo, ukurasa wa mwanzo utafunguka vizuri, lakini mteja akibonyeza bei ya leo anakuta 404, yaani ukurasa haupatikani.

Hifadhi kwa Ctrl na O, bonyeza Enter, toka kwa Ctrl na X.

Kama seva ni mpya, hakikisha PHP imo:

sudo apt install php libapache2-mod-php

Isipokuwepo, Apache haitaiendesha index.php. Itawapa watu msimbo wako kama ulivyouandika.

Sasa washa tovuti yako, zima ile ya zamani:

sudo a2ensite beidagaa
sudo a2dissite 000-default

Zile sifuri tatu zina kazi yake. Ombi likija na jina ambalo Apache haikulikuta kwenye ServerName yoyote, inalikabidhi kwa tovuti iliyosomwa kwanza, na mafaili haya husomwa kwa mpangilio wa alfabeti. Sifuri zinaiweka ile ya zamani mbele ya zote. Ndiyo maana tunaizima.

Kabla ya kugusa kingine chochote, pima:

sudo apachectl configtest

Unatafuta maneno mawili: Syntax OK. Yasipotokea, soma namba ya mstari uliotajwa, rudi urekebishe. Yakitokea:

sudo systemctl reload apache2

Nimesema reload, sikusema restart. Reload inaipa Apache mipangilio mipya huku anayehudumiwa muda huo akimaliziwa kwanza. Saa mbili asubuhi, watu wanasubiri bei, huwezi kuwakatia.

Hakikisha ukiwa palepale kwenye seva, kwa curl, amri inayoomba ukurasa bila kivinjari:

curl -I http://localhost

Mstari wa kwanza ukiwa na 200 OK, mlango umefunguka. Ukiona 403, yaani Apache imekataa kutoa ukurasa, fungua kumbukumbu za makosa:

sudo tail /var/log/apache2/error.log

Ukikuta AH01276, maana yake Apache imefika kwenye folda, imeita index.php, haikuitika kitu. Angalia kama index.php imo kweli ndani ya folda ya public, au kama jina la faili limeanza na herufi kubwa. Kwa Linux, Index.php na index.php ni vitu viwili tofauti.

La mwisho, simu. Curl inakuletea 200, lakini simu ya mteja bado inaonyesha Kizungu kilekile. Usirudi kuvuruga mipangilio. Kivinjari kimehifadhi ukurasa wa zamani. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl, Shift na R. Kwenye simu fungua dirisha la faragha, uandike anwani upya. Kwa yule mama ndivyo nilivyofanya, nimesimama pale pale kibandani, na bei ya gunia aliyoiingiza asubuhi ikatokea juu kabisa ya ukurasa.