Usinunue Sensa Kwanza: Gari Linalotetemeka Kwenye Sailensa na Kodi P0171

Habari za mchana, mafundi, na ninyi wenye magari mliofika. Leo tuna ugonjwa mmoja tu mezani. Gari ni la zamani kidogo, tuseme Vitz, IST au Spacio. Likisimama kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, linatetemeka mpaka usukani unacheza mkononi, ukilikanyaga linatulia. Taa ya injini inawaka, na mashine ya uchunguzi inasoma kodi, yaani namba ya hitilafu, P0171: mafuta ni machache kuliko hewa.

Wengi wakiiona kodi hiyo wanakwenda Mwanjelwa, hapa Mbeya, moja kwa moja kutafuta sensa ya oksijeni. Sasa tujiulize nani ametoa taarifa. Ni sensa yenyewe. Imeona oksijeni imezidi kwenye moshi, ikaiambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwamba mafuta hayatoshi. Kontroli boksi inataka takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, kwa hiyo ikaongeza mafuta, ikaongeza tena, mpaka ikafika kikomo chake ndipo ikawasha taa. Kuing'oa sensa hiyo kabla hujapima ni kumfukuza mlinzi aliyepiga kelele usiku.

Kiasi kile kinachoongezwa ndicho tunachokiita trimu ya mafuta, na mashine ya bei ndogo tu inakionyesha. Ziko mbili: ya muda mfupi, inayopanda na kushuka kila sekunde, na ya muda mrefu, ambayo ni kumbukumbu ya yaliyokuwa yakitokea. Zijumlishe. Injini yenye afya inakaa kati ya asilimia −5 na +5, na hata 10 si ya kugombana nayo. Ikivuka asilimia 20 hadi 25, magari mengi huwasha taa.

Kipimo chenyewe hiki hapa. Pasha injini mpaka maji yavuke nyuzi 80, zima AC na taa. Soma trimu kwenye sailensa, andika. Kisha pandisha injini hadi mizunguko 2500 (RPM), ishikilie hapo dakika moja, soma tena, andika. Namba hizo mbili zinakueleza uende upande gani wa injini, na bado hujashika spana.

Tuzifanyie hesabu. Injini ya lita 1.5 ikiwa kwenye sailensa, sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia, inahesabu, kwa mfano, gramu 2 kwa sekunde. Mahali fulani nyuma ya sensa hiyo mpira umepasuka, na gramu 0.4 zinaingia bila kuhesabiwa. Hiyo ni moja ya tano, kwa hiyo trimu itakuwa karibu +20. Ukishikilia 2500 injini inavuta gramu 7. Ufa ni uleule na unapitisha zile zile 0.4, ila sasa ni kama asilimia 6 tu. Ukikuta juu kwenye sailensa na chini kwenye 2500, tafuta hewa ya wizi. Ukikuta sailensa ni nzuri, lakini ukipanda kutoka Uyole kuelekea Isyonje kwa nusu ya pedali trimu inafika 20, hapo mafuta hayafiki. Nimesema nusu kwa makusudi, maana ukikanyaga mpaka chini kontroli boksi inaacha kuisikiliza sensa na trimu haikuambii kitu.

Hewa ya wizi ndiyo inayotusumbua zaidi kwenye magari ya umri huu, kwa hiyo tukae hapo.

Anza na bomba la mpira linalotoka kwenye sensa ya hewa hadi kwenye throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Ukilitazama kwa juu ni zima. Lile lina mikunjo kama kinanda cha mkono, na ufa hujificha kwenye bonde la mkunjo, mara nyingi upande wa chini. Lifungue, likunje kwa mikono miwili, mkunjo mmoja baada ya mwingine, mbele ya mwanga. Gari lenye ufa hapo mara nyingi hutulia kwenye P na kutetemeka ukiweka D, kwa sababu injini inaegemea upande na ufa unafunguka. Mounting zinazoshikilia injini zikiwa zimechoka, ndiyo kabisa.

Halafu chukua koleo, funga kitambaa kwenye meno yake, ubane mipira midogo mmoja mmoja injini ikiwa inaunguruma. Mpira wa buster ya breki: ukiubana na sailensa ikatulia, buster inavuja. Mpira wa valvu ya kupumulia injini, ule unaotoka kwenye kava la juu kwenda kwenye menifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), hufanyika laini kwa mafuta na kupasuka kwenye kiwiko. Kisha angalia vitu visivyo na hadhi: kifuniko cha oili kisicho na mpira wake, na dipstiki iliyolegea. Kwenye gari lenye sensa ya hewa, dipstiki isiyokaa vizuri inatosha kulisumbua, kwa sababu injini inaipumua hewa hiyo kupitia valvu ileile.

Gasketi ya menifodi ina tabia yake. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya inakuwa ngumu na imesinyaa, gari linatetemeka. Likipata moto gasketi inatanuka na ugonjwa unapotea. Mteja anakuletea gari saa sita mchana, unamwambia halina kitu. Mwambie aliache lilale gereji, uliwashe mwenyewe alfajiri. Chukua chupa ya kupulizia maji, pulizia kidogo kidogo kwenye maungio ya menifodi na kichwa. Maji yakiziba upenyo kwa sekunde chache, mlio unabadilika. Wengi hutumia dawa ya kusafishia kabureta, na inafanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu trimu ya muda mfupi inashuka papo hapo. Lakini inawaka. Usiipulizie karibu na koili au egzosi, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi, sio stoo. Mwenye mashine ya moshi atumie presha isiyozidi psi 1, asije akafumua mihuri iliyokuwa mizima.

Kabla hujaondoka kwenye uvujaji, tazama pia egzosi. Tundu kabla ya sensa ya oksijeni linavuta hewa ya nje kati ya mapigo ya moshi, na sensa inadanganywa. Hata plagi iliyokufa inafanya hivyo: silinda isiyowaka inatoa oksijeni yake nzima. Kwa hiyo ukiona P0171 pamoja na P0301 au mwenzake, maliza kwanza misi, yaani kutowaka vizuri, ya silinda hiyo.

Upande wa mafuta nitapita haraka. Unganisha geji ya presha ya mafuta. Injini ya 1NZ-FE inataka kilopaskali 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50. Ukizima, baada ya dakika 5 isiwe chini ya 147. Ikiwa chini wakati injini inafanya kazi, angalia filta iliyo ndani ya tangi na pampu. Presha ikiwa nzuri na trimu iko juu kote, isafishe sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu. Usitumie petroli, usiguse waya wake, na iache ikauke dakika 15. Vumbi la kiangazi hupenya pale ambapo filta ya hewa haikukaa sawa kwenye boksi lake.

Kuna swali limeulizwa hapa mbele: si ni mwinuko wa Mbeya? Mbeya inasingiziwa mengi. Tupo karibu mita 1,700, hewa ina presha ya kilopaskali 83 hivi badala ya 101 ya Dar. Sensa ya hewa inapima uzito wa hewa, kwa hiyo hilo inalijua tayari. Mwinuko unachobadilisha ni geji yako ya vakyumu. Kitabu kinasema inchi 17 hadi 21. Hapa injini nzima inasoma pungufu ya hapo kwa inchi 5 hivi, usiihukumu kwa hilo. Tena ufa uleule unapitisha hewa kidogo zaidi ukiteremka Kyela, kwa sababu presha ya nje ni kubwa. Gari lenye trimu +19 Mbeya linaweza kuwasha taa likiwa Kyela, na mwenyewe akaapa kwamba aliwekewa petroli mbaya.

Kwa Corolla za zamani zenye 5A-FE, zisizo na soketi ya mashine: fungua kile kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS, unganisha TE1 na E1 kwa waya, weka swichi ON. Taa ikipiga mara mbili, ikapumzika, ikapiga tano, hiyo ni kodi 25, ndugu yake P0171. Ila angalia: hizo zinapima presha ndani ya menifodi. Hewa ya wizi inapandisha presha hiyo, kontroli boksi inaongeza mafuta yenyewe, na dalili unayoipata ni sailensa iliyo juu au inayopanda na kushuka. Ukipata 25 kwenye gari la aina hii, anza na presha ya mafuta na nozeli.

Jambo la mwisho, hasa kwa wale wanaochomoa terminali ya betri ili taa izime. Pamoja na kodi, kontroli boksi imehifadhi picha ya dakika ile taa ilipowaka: mzunguko, joto la maji, mwendo, mzigo. Isome na uiandike kwanza, kabla haijafutika. Ukimaliza kutengeneza futa kodi kwa mashine, endesha gari mpaka lipate moto, mjini na barabara kuu, kisha rudia vile vipimo viwili na uvilinganishe na ile karatasi ya mwanzo.