Kaanzia sifuri: mtaala mpya na sisi wazazi

Mwalimu Neema: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Wiki hii wazazi wengi wametuuliza kuhusu mtaala mpya. Baba Salma, habari za Mbagala?

Baba Salma: Nzuri, Mwalimu, ila foleni leo imetukalisha. Nianze na yaliyonikuta. Salma alipewa kazi ya hisabati: apime meza, mlango na kitanda, aandike urefu. Nimerudi saa tatu usiku, namkuta anasinzia juu ya daftari. Nikamhurumia, nikachukua futi nikapima mwenyewe, nikamtajia namba akaandika. Akapata zote. Wiki iliyofuata akaambiwa darasani apime daftari kwa rula, akaanzia kwenye moja badala ya sifuri.

Mwalimu Neema: Pole, lakini hapo ndipo penyewe. Kazi ile ilitaka mkono wa Salma ndio ushike futi. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umejengwa juu ya umahiri, yaani mtoto aweze kulifanya jambo, asiishie kulikariri. Ukimpimia wewe, somo umelisoma wewe.

Baba Salma: Nilikuwa na hofu ya 2027, Mwalimu. Nilitaka asibaki nyuma.

Mwalimu Neema: Hofu hiyo naielewa. Kwa asiyejua: elimu ya msingi inatoka miaka saba inakuwa sita. Watoto waliokuwa darasa la tatu 2024 wanamaliza la sita 2027, na wenzao waliokuwa la nne wanamaliza la saba mwaka huohuo. Makundi mawili yanatoka kwa pamoja. Ndiyo maana nasema usingoje twisheni ya miezi ya mwisho. Dakika ishirini za jioni, kila siku, daftari likiwa wazi mezani, zinamjenga mtoto zaidi.

Baba Salma: Sasa, jirani yangu anauza chapati. Anasema, "Mimi nimeishia la saba, na siku hizi Kiingereza kinaanza la kwanza. Nitamsaidiaje mwanangu?"

Mwalimu Neema: Huyo mama ana darasa zima pale jikoni! Amuulize mtoto: kilo ya unga imetoa chapati ngapi? Tukiuza moja shilingi 500, tunapata ngapi? Tukitoa hela ya unga, mafuta na mkaa, inabaki nini? Mtoto akokotoe kwenye karatasi, asitumie simu. Na Kiingereza, amwambie amsomee kwa sauti, kisha amweleze kwa Kiswahili alichosoma. Mtoto akiweza kumweleza mama yake akaelewa, ujue naye ameelewa. Akikwama, mama aweke alama ya penseli palepale, kesho mtoto amuulize mwalimu. Mimi nikiona daftari lina alama za penseli, nafurahi kweli, maana najua nyumbani kuna mtu anafuatilia.

Baba Salma: Na vitabu vikiwa vichache?

Mwalimu Neema: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, vitabu vya kiada vinasomwa humo bure. Simu ya mzazi inatosha.

Baba Salma: Kuna jambo linaniuma, hili la vikao vya wazazi. Tunabishana michango ya chakula mpaka adhuhuri, halafu kila mtu anawahi daladala. Nani anauliza watoto wanasoma nini?

Mwalimu Neema: Kikao kijacho mfuate mwalimu wa darasa umuulize: "Muhula huu mwanangu anatakiwa aweze kufanya nini, na wapi bado?" Mimi mzazi akiniuliza hivyo, nafungua daftari la mtoto tunaangalia pamoja. Akiniuliza amekuwa wa ngapi, namtajia namba na mazungumzo yanaishia hapo.

Baba Salma: Nimeshamfuata. Ijumaa tulikaa naye kama robo saa, akanionyesha kosa lile la rula. Jana jioni nikampa Salma futi, nikakaa pembeni kimya. Kapima kitanda mara mbili, na zote mbili kaanzia sifuri.