Kwa Nini Seli Hii na Si Jirani Yake: Maradhi ya Kuchakaa kwa Ubongo

Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya walimu wa sayansi, wauguzi, wanafunzi wa sekondari na wazee wa mtaa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojipanga karibu na mlango ili muwahi kutoka: ahsanteni kwa kuja.

Maradhi nitakayoyazungumza hapa kisiwani yana majina mengi, na hakuna lililo lake. Mzee akiuliza jambo moja mara tano kabla chai haijapoa, tunasema kazeeka. Mwengine mkono unamtetema huku umetulia juu ya paja, uso haucheki wala haununi, tunasema kapigwa na upepo, au kuna mtu kamfanyia. Bibi akitoka usiku kutafuta nyumba iliyobomoka zamani, basi kachukuliwa na sheitani. Wapo wazee wa miaka 85 hapa ambao bado wanakudai deni la karafuu la mwaka 1978, na senti zake. Kwa hiyo umri peke yake hautoshi kueleza. Hawa wengine wanaumwa, na ugonjwa una pahala unapoanzia.

Pahala penyewe ni ndani ya seli ya neva. Nataka tujue inakufaje. Na suali ambalo mimi ndilo linaloninyima usingizi: kwa nini inakufa hii, na jirani yake aliyegusana nayo anabaki mzima?

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote. Seli ya ngozi ikichoka hubanduka ikaja mpya. Seli nyingi za neva hazina bahati hiyo: uliyozaliwa nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Itafanya kazi miaka 70 au 80, na muda wote huo itajisafisha yenyewe kwa ndani.

Inasafisha nini? Zaidi ya kitu chochote, protini. Protini ni mnyororo wa asidi amino unaojikunja ukapata umbo, na umbo hilo ndilo linaloamua kazi yake. Ukijikunja vibaya, kazi inapotea, na mara nyengine sehemu zenye kunata zilizopaswa kufichwa ndani zinabaki nje, protini zinaanza kushikana. Seli imejiandaa kwa hilo. Zipo protini wasimamizi zinazosaidia nyengine kujikunja sawa. Iliyoharibika hutiwa alama ya yubikwitini, ikapelekwa kwenye proteasomu kukatwakatwa. Bonge kubwa lisiloingia humo hufungwa ndani ya kifuko na kupelekwa lisosomu, kituo chenye asidi na vimeng'enya vya kuyeyusha. Njia hii ya mwisho inaitwa otofajia. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuifafanua, na alianza kwa kuchungulia seli za hamira. Naam, hamira hii hii ya mandazi. Vijana mnaolalamika kwamba skuli haina maabara, nakukumbusheni tu.

Usafishaji ukizidiwa, tunaanza kuhesabu maradhi.

La kwanza kwa wingi ni Alzheimer. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, Alois Alzheimer alimpokea mgonjwa wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa darubini akaona vitu viwili: mabaka nje ya seli na mafundo ndani yake. Mabaka ni amiloidi beta, kipande kinachopatikana pale protini kubwa ya ukuta wa seli inapokatwa na vimeng'enya viwili kwa zamu. Kipande chenye asidi amino 42 ndicho kinachonata zaidi. Jeni ya protini hiyo kubwa iko kwenye kromosomu ya 21, na ndiyo maana watu wenye ugonjwa wa Down, waliozaliwa na kromosomu hiyo mara tatu, wengi wao hupata Alzheimer mapema mno. Mafundo ya ndani ni protini nyengine, tau. Kazi yake ya halali ni kuimarisha vijia vya kusafirishia mizigo kwenye mkia mrefu wa seli. Ikibandikwa fosfeti kupita kiasi huachia vijia vyake, ikaenda kujisokota na wenzake.

Hapa niseme langu. Kwa miaka mingi wataalamu waliiegemea amiloidi kana kwamba hakuna mtuhumiwa mwengine. Dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, inaiondoa amiloidi kweli, lakini katika jaribio la miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa takriban asilimia 27 tu. Ugonjwa haukusimama. Mabaka huanza kurundikana miaka 15 hata 20 kabla ya dalili, na mtu anapopelekwa hospitali tau imeshasambaa. Wingi wa mafundo ya tau unaendana na usahaulifu kuliko wingi wa mabaka. Kwangu mimi amiloidi ni mchokozi, na tau ndiye anayeua.

Huntington, ugonjwa wa kurithi unaovuruga viungo na akili, nitaupita haraka, maana kwake chanzo kiko wazi kuliko kwengine kote. Jeni moja, iliyogunduliwa mwaka 1993, ina herufi za DNA, CAG, zinazojirudia. Zikifika 40 au zaidi, ugonjwa utakuja, iwapo mtu ataishi umri wa kutosha. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuirithi.

Parkinson, ule wa mkono unaotetema umetulia, ndipo nitakapokaa. James Parkinson, daktari wa London, aliandika juu yake mwaka 1817 kwa kuwaeleza watu sita, na baadhi yao aliwaona njiani tu. Mwaka 1912 Friedrich Lewy akaona vibonge vya duara ndani ya seli za ubongo wa wagonjwa. Ilipofika 1997 ndipo ikajulikana vimejaa protini gani: alfa-sinukleini, yenye asidi amino 140, inayokaa kwenye ncha za neva. Mwaka huo huo ukoo mmoja wenye asili ya Italia ulikutwa na badiliko moja tu kwenye jeni ya protini hiyo, na wenye badiliko hilo waliugua.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Sinukleini iliyojikunja vibaya inaifanya iliyo nzima nayo ijikunje vile vile. Mmeona safu ya sala pahala pasipochorwa mstari: mmoja akisimama upande, wa pili hujipanga kwa bega lake, wa tatu kwa bega la wa pili, na mwisho safu nzima imekwenda kombo, na kila mmoja anaamini amenyooka. Stanley Prusiner alipodai mwaka 1982 kwamba protini peke yake, bila DNA, inaweza kueneza ugonjwa, wengi walimbeza. Mwaka 1997 akapewa Nobel. Yeye alikuwa akizungumzia prioni, yaani hizo protini zinazoeneza ugonjwa, lakini tabia hiyo hiyo tunaiona hapa. Wapo wagonjwa wa Parkinson waliopandikizwa ubongoni seli changa za vijusi. Mwaka 2008 ikaripotiwa kwamba baadhi yao, waliofariki miaka 11 hadi 16 baada ya kupandikizwa, seli zile changa nazo zilikuwa na vibonge vya Lewy. Seli hazikuwa na umri wa kuugua. Zimeletewa na jirani.

Nafafanua kwa ajili ya walezi: hii ni ndani ya ubongo mmoja. Parkinson haiambukizi. Mlisheni, mwogesheni, mkumbatieni.

Tukirudi kwenye suali letu. Seli ambazo Parkinson inaziua zaidi zimo katika eneo jeusi la ubongo wa kati, na weusi huo unatokana na dopamini, kemikali ambayo seli hizo hupelekea habari kwa nyengine. Seli zake kila upande ni laki chache tu. Lakini kila moja, kwa makadirio, ina mkia wenye matawi ambayo yakiungwa yanapita mita 4, na viungio zaidi ya milioni 1. Juu ya hayo, seli hizi hazisubiri kuamshwa. Zinapiga mapigo yake mfululizo usiku na mchana, na kila pigo linaingiza kalisiamu ambayo lazima itolewe nje kwa gharama ya nishati. Na dopamini, ikikaa ovyo ndani ya seli, huoksidika ikawa sumu. Kwa hiyo mitokondria zake, vituo vya nishati, hazipati pumzi. Jirani yake mwenye mkia mfupi na kazi ya zamu anaweza kubeba uchafu ule ule na asife. Mkono unapoanza kutetema, kwa makadirio mengi nusu ya seli hizi au zaidi zimeshakwenda.

Ushahidi wa kwamba mitokondria ni kiini ulipatikana kwa njia ya msiba. Mwaka 1982, California, vijana kadhaa watumiaji wa unga walifikishwa hospitali wameganda, hawasemi, hawajigeuzi, macho yakitazama tu. Walikuwa na dalili za Parkinson ya mzee wa miaka mingi. William Langston na wenzake walifuatilia hadi kwenye unga bandia uliopikwa vibaya, ukawa na kemikali iitwayo MPTP. Ikifika ubongoni hubadilishwa na seli wasaidizi ikawa sumu, kisha seli ya dopamini huivuta kwa mlango ule ule inaovutia dopamini yake. Ikishaingia, inafunga hatua ya kwanza ya kutengeneza nishati kwenye mitokondria. Siku chache zilimaliza kazi ya miongo. Unga tunaujua hapa, na nyumba za wanaouacha tunazijua. Sitaongeza.

Wavuvi wazee mnaufahamu utupa, majani yanayopondwa kulevya samaki. Ndani yake mna kemikali za jamii ya rotenoni, na rotenoni inafunga hatua ile ile ya mitokondria. Ndiyo samaki wanavyozimika. Mwaka 2000 watafiti waliwapa panya rotenoni kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na baadhi yao wakapoteza seli za eneo jeusi, vikatokea na vibonge vinavyofanana na vya Lewy. Sisemi aliyekula samaki wa utupa ataugua. Nasema anayepulizia mashamba dawa za wadudu na magugu kwa mikono mitupu na pua wazi, hasa zenye paraquat, ambayo Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku tangu 2007, anacheza na kitu kilichohusishwa na Parkinson katika tafiti nyingi.

Na sisi Waafrika? Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walizunguka nyumba kwa nyumba wakitafuta wagonjwa wa Parkinson, na wengi wa waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa jeni kwa watu wenye asili ya Afrika, wakiwemo wa Nigeria. Ulikuta badiliko kwenye jeni ya GBA1, linaloongeza uwezekano wa Parkinson, ambalo kwa Wazungu karibu halipo. GBA1 inatengeneza kimeng'enya cha lisosomu. Tumerudi kwenye usafi. Tungetegemea tafiti za Ulaya peke yake, jambo hilo lingebaki limefichika.

Muda unanibana. Maswali machache.

*Muuguzi kutoka Wete:* Daktari, tunamzuia vipi mtu asifike huko?

Kwa Parkinson hatuna kinga ya uhakika. Kwa usahaulifu wa uzeeni, ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayorekebishika, na ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa inahusiana nayo. Presha na sukari zimo. Uziwi umo pia, na huo tunaupuuza. Wewe dada anza na presha: mishipa midogo ya ubongo ikiharibika, taka hazitoki vizuri na seli zinakosa hewa. Mzee asiyemeza vidonge vyake vya presha kwa sababu "leo najisikia vizuri" ndiye wa kumfuata nyumbani.

*Mwanafunzi:* Seli zilizokufa zinaweza kurejeshwa?

Majaribio yapo, ya kuotesha seli za dopamini kutoka seli za shina na kuzipandikiza. Lakini kumbuka habari ya vibonge: unapanda kwenye udongo ule ule. Soma baiolojia, uje utujibu wewe.

*Mzee mmoja:* Mwanangu, nimesikia kuna dawa ya miti ya kutetema. Kweli au maneno ya wauzaji?

Safari hii kuna kweli ndani yake, mzee wangu. Upupu, huo unaowawasha watoto msituni, mbegu zake zina levodopa, ambayo ndiyo dawa kuu ya Parkinson hospitalini. Ubongo unaigeuza kuwa dopamini. Zimefanyiwa majaribio ya kitabibu, na zinafanya kazi. Taabu ni kipimo. Mbegu za mti huu na za mti ule hazina kiasi sawa. Ukizidisha utatapika, presha itashuka ukisimama, na unaweza kuona watu wasiokuwepo, halafu nyumbani watasema sheitani karudi. Vidonge vya hospitali vimechanganywa na dawa nyengine inayozuia levodopa isigeuzwe njiani kabla ya kufika ubongoni, ndiyo maana kiasi kidogo kinatosha. Vinywe kabla ya chakula, maana samaki na nyama vinashindana nayo kupita kwenye utumbo. Wala usiviache ghafla kwa kuwa umepata nafuu. Na kama kuna mtu nyumbani anatetema naye anatumia dawa za maradhi ya akili, mpelekeni na vidonge vyake mkononi, daktari avione, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinaifunga dopamini, na huyo huenda hana Parkinson kabisa.