Geuza Picha Kwanza: Uhifadhi na Historia ya Sanaa

Mabibi na mabwana, karibuni.

Tuanze na ubao mmoja. Ni picha ya Tingatinga ya awali, ya kati ya 1968, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam, na 1972 alipouawa. Mnyama mmoja, nyuma yake rangi moja tupu, mraba wa karibu sentimita 60 kila upande. Mwanahistoria wa sanaa anautazama mraba huo na kujiuliza kwa nini mchoraji alilipenda umbo hilo. Mhifadhi, yaani mtu anayetunza na kurekebisha picha, anaugeuza ubao. Mgongoni anakuta alama za wavu wa kiwandani, kwa hiyo ni hadibodi. Bodi nzima ya dukani ni futi 4 kwa 8. Ukiikata miraba ya futi 2, yaani sentimita 61, unapata vipande 8 na hakuna cha kutupa. Kwa maoni yangu, mraba ule ulikuwa hesabu ya msumeno kabla haujawa mtindo.

Hesabu hiyo ina faida nyingine. Katika vipande hivyo 8, vinne vya pembeni vina kingo mbili za kiwandani, zilizonyooka na laini. Vinne vya katikati vina ukingo mmoja wa namna hiyo. Hakuna kipande kisicho nao kabisa. Ukikuta kingo zote nne zina meno ya msumeno, basi ama ubao ulikatwa kwa mpango mwingine, ama mtu aliupunguza baadaye, na hapo uliza kama sahihi ya mchoraji haikukatwa pamoja na ukingo.

Sasa fikirini kinachotokea kwetu mara kwa mara. Hadibodi ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na kingo ndizo zinazounywa kwanza: pembe zinavimba na kuchanua kama kurasa za daftari lililolowa, na rangi juu yake inabanduka. Fundi wa fremu anapiga msasa, anakata sentimita moja kila upande, picha inakaa vizuri ndani ya fremu. Ushahidi wote niliowaeleza umegeuka vumbi chini ya meza yake. Fundi hana kosa, maana hakuna aliyemwambia kwamba ukingo nao unasomwa.

Rangi ina habari zake pia. Hii ni rangi ya mafuta ya kopo, inayokauka kwa kuvuta oksijeni. Juu inashika haraka, ndani inabaki laini kwa muda mrefu, hasa ilipopakwa nene. Picha zikirundikwa mapema na gazeti katikati, gazeti linanata na kuacha herufi kwenye rangi. Wengi hukimbilia kuzifuta. Tafadhali, zipigeni picha kwanza, kwa taa iliyolazwa pembeni, kisha zisomwe kwenye kioo maana ziko kinyume. Tarehe ya gazeti haisemi picha ilichorwa lini. Inasema rundo lile halikupangwa kabla ya siku hiyo, na kwamba wakati huo rangi ilikuwa bado inanata. Kwa mwanahistoria anayepambana na picha isiyo na mwaka, hilo si dogo.

Kusafisha kwenyewe kuna utaratibu. Vumbi hutolewa kwa brashi ya nywele laini, lakini pale tu ambapo rangi haijainuka. Halafu jaribio: kijiti cha pamba chenye maji yaliyokenekwa, mahali pa milimita 5 karibu na ukingo, kila rangi peke yake, kwa sababu nyekundu inaweza kuachia pale ambapo nyeupe imeshika. Pamba inaviringishwa, haisuguliwi. Ikitoka na rangi badala ya uchafu, simama hapo hapo. Maji yakishindwa, mate ya mtu hufanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa yana vimeng'enya, kemikali za mwili zinazovunjavunja uchafu. Kisha pasuuzwe kwa maji. Thina isiguse kabisa: inavimbisha rangi ya namna hii mpaka inakunjamana, na haitarudi.

Ukikuta vanishi, usiiondoe kabla ya kujua imekaa juu ya nini. Hapa mfano wa Dresden, Ujerumani, unatufaa sana. Katika picha ya Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, ya msichana anayesoma barua dirishani, eksirei ya 1979 ilionyesha kijana mwenye mbawa, mungu wa mapenzi, aliyefichwa chini ya rangi ya ukuta. Wanahistoria walikubali kwamba Vermeer mwenyewe ndiye aliyemfunika, na wakaeleza kwa nini alitaka ukuta mtupu. Urekebishaji ulioanza 2017 ukapima tabaka: kati ya kijana yule na rangi ya ukuta kulikuwa na vanishi ya zamani na uchafu. Uchafu unahitaji miaka kutua. Aliyefunika alikuja baada ya Vermeer kufa. Rangi ile ikaondolewa kwa kisu kidogo chini ya hadubini, na 2021 picha ikaonyeshwa na kijana wake. Maelezo ya miaka mingi kuhusu ukuta mtupu yalilazimika kuandikwa upya kwa sababu ya ukanda mwembamba wa uchafu. Picha ingeoshwa kwa pupa, swali lisingejibika tena.

Vinyago vya mpingo nitavigusa kwa ufupi. Pamba yenye spiriti kidogo, chini ya kitako, ikitoka nyeusi, huenda kuna rangi ya viatu au rangi nyingine juu. Msikimbilie kusema ni mti wa bandia. Mpingo halisi nao hung'arishwa hivyo. Pimeni uzito: mpingo mkavu huzama majini, ila kadirieni kwa mkono, msikitumbukize kinyago kwenye ndoo! Na msikihamishe ghafla kutoka barazani kwenda chumba chenye kiyoyozi, kitapasuka kuanzia vichwani mwa nyuzi.

Kwa wenye picha nyumbani: kabla ya kumpelekea fundi, pigeni picha sita. Uso, mgongo, na kingo zote nne. Ikiwa fremu imezifunika, ifunguliwe kwanza. Wekeni rula ndani ya kila picha. Karatasi yoyote iliyobandikwa nyuma, hata risiti ya duka, isibanduliwe.