Rupia Iliyopigwa Ndimu

(Mhadhara kwa wakusanyaji na wauzaji wa sarafu za kale, Moshi, Jumamosi asubuhi)

Mwenyekiti, wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Nimepewa dakika arobaini, na mwenyekiti ananijua, ameshika saa tangu nisimame. Basi salamu ziishie hapo.

Waliokuja kuuliza hazina za Mjerumani zimefukiwa wapi, au rupia za waganga, chai ipo nje. Leo ni picha tu. Mtu anakutumia picha ya sarafu kwenye simu, anataka umwambie hali yake na bei yake kabla hujaigusa. Unamjibu nini?

Jibu langu mnalijua. Nimelisema mpaka wajukuu wananiita Babu Inamisha. Mwambie ainamishe sarafu, apige tena. Usiseme neno lingine lolote, na hasa usiseme "picha haionekani vizuri". Nitawaambia kwa nini. Walioisikia hadithi hii wavumilie, kuna wageni.

Kuna mama mmoja wa Kiboriloni aliachiwa na babu yake rupia moja ya Mjerumani, ya 1911, ndani ya kopo la kahawa. Mwanawe akanitumia picha. Ilipigwa usiku, jikoni, mkono ukitetemeka. Niliona duara jeusi jeusi na kitu kama kofia. Nikaandika: "Picha haionekani vizuri, jaribuni tena." Kimya. Siku mbili nzima kimya. Siku ya tatu ikaja picha nyingine, sarafu imelazwa juu ya kitambaa cheupe, simu imesimama wima juu yake, na rupia inametameta kama kijiko cha harusi. Tai wa juu ya kofia ya Kaisari wa Ujerumani, manyoya yapo. Masharubu yamesimama. Alama ya J ya kiwanda cha Hamburg inasomeka. Mimi huyu, miaka thelathini kwenye kazi hii, nikajiambia: hii imekaa koponi tangu itoke kiwandani.

Kiboriloni na hapa ni pua na mdomo. Ningepanda daladala ningefika kabla chai haijapoa. Lakini mkusanyaji akiona rupia nzuri akili humtoka, nikaogopa nitawahiwa. Nikatuma laki na themanini kwa simu usiku ule ule.

Asubuhi nikafika. Mama akanikaribisha, akafungua kitambaa. Nikaichukua rupia, nikaenda nayo mlangoni penye jua, nikaiinamisha. Hakuna kilichozunguka. Nikainamisha upande wa pili. Hakuna. Nikauliza taratibu, "Mama, mmeiosha?" Akafurahi kabisa. "Ndiyo, baba. Majivu na ndimu, kisha dawa ya meno. Wewe si ulisema haionekani vizuri? Mgeni nitampa sahani chafu?"

Sasa hapo mtu unamlaumu nani? Babu aliitunza, mjukuu akaitunza, nikaja mimi na sentensi moja nikaiharibu. Hela zile sikuzidai. Rupia ninayo hapa mfukoni, mtaiona.

Nasema hakuna kilichozunguka, nieleze. Chapa ya kiwandani inapoigonga sarafu, madini husukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni, yakaacha mifereji midogo ambayo jicho haliioni. Mifereji hiyo ndiyo inayorudisha nuru. Ichukue sarafu ambayo haijaguswa, izungushe chini ya taa moja: utaona miali ya nuru inatembea juu yake kama spoki za gurudumu la baiskeli. Majivu yakipita, mifereji imekwenda. Sarafu itang'aa, sikatai, lakini itang'aa kama sufuria, kote sawasawa, hata uizungushe mpaka jioni.

Na picha iliyopigwa wima, mchana wa mawingu, haiwezi kukuonyesha tofauti ya hizo mbili. Zote nyeupe, zote nzuri. Ndiyo maana nasema inamisha. Omba picha tatu, taa ibaki pale pale, sarafu iegemezwe tofauti kila mara. Au omba video ya sekunde kumi, mtu aizungushe tu kati ya vidole. Asiyetaka kutuma video ya sekunde kumi ana sababu zake, na wewe uwe na zako.

Hata ile picha ya kwenye kitambaa cheupe ilikuwa na ushahidi, ni tamaa tu iliyoniziba macho. Angalia chini ya herufi. Kidole chenye majivu husugua uwanja, yaani ile sehemu tupu isiyo na mchoro, hakiingii kwenye pembe za herufi. Ukiona uwanja ni mweupe kama ukuta wa chokaa, lakini kwenye miguu ya herufi za DEUTSCH OSTAFRIKA kuna weusi umejificha, hiyo imesuguliwa. Uchafu wa miaka mia hupenda pembe, kweli, lakini na uwanja nao huufifisha.

Naona kijana pale anatabasamu. Unataka kusema fedha ni fedha, kuosha hakupunguzi uzito. Kweli. Rupia ni gramu 11.66 na madini ya fedha ndani yake ni 917 kwa elfu, iwe imeoshwa, iwe haijaoshwa. Mpelekee sonara, atakulipa kwa mizani na hatauliza kitu. Mkusanyaji halipii mizani, mangi. Analipia ule uso.

Mwingine atasema siku hizi kuna programu, unaipa picha inakupa daraja. Kipimo chenyewe kinatoka 1 mpaka 70, alikianzisha Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haijatumika. Kwa picha nzuri nitakuambia hii imelika sana, hii kidogo, hii pengine haikuingia sokoni. Lakini anayekuambia kwa picha ya WhatsApp kwamba hii ni 63 na ile ni 64, mwambie abahatishe na matokeo ya mpira. Simu zenyewe zinalainisha picha, zinafuta mikwaruzo kama zinavyofuta chunusi za bibi harusi. Na WhatsApp inaibana picha tena njiani. Aitume kama faili, siyo kama picha, hapo angalau itafika nzima.

Lipo moja linaloniudhi kutoka upande mwingine. Watu wanaikataa sarafu nzuri kwa sababu picha yake mbaya, au kwa sababu hawajui ilitengenezwa vipi. Heller 20 za 1916, zile sarafu ndogo za Mjerumani zenye alama ya T, ziligongwa Tabora, kwenye karakana ya reli, vita imewabana Wajerumani na meli hazifiki. Taji lake mara nyingi limefifia tangu siku ya kwanza. Mtu anaona taji bapa pichani, anasema imelika. Haijalika! Haikugongwa sawasawa. Sehemu iliyolika hubadilika rangi, inakuwa laini na butu kuliko jirani zake. Sehemu iliyogongwa vibaya ina ngozi ile ile ya sarafu nzima, ila mchoro haupo. Kalinganisheni wenyewe, ukiwa nazo mbili mkononi dakika tano zinatosha.

Mwenyekiti anainua saa. Haya. Shilingi ya simba, ile ya mkoloni Mwingereza, nilitaka kuwaonyesha inavyolika, lakini itabaki. Mjue tu mpaka 1946 ilikuwa na robo fedha, kuanzia 1948 haina hata chembe, na kwa picha rangi itakudanganya, soma mwaka. Picha ya ukingo ombeni daima, hasa kwa reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ambayo karibu zote zimeandikwa 1780 hata iliyogongwa juzi, kwa hiyo mwaka hautakusaidia. Za Mwalimu za 1966 nitazisema siku nyingine.

Sasa zimeni taa zile mbili na mfunge pazia. Kijana, lete tochi ya simu yako. Usiimulike kwa juu, ishushe. Shusha zaidi, iwe karibu sawa na meza. Hapo hapo. Hii ni rupia ya mama wa Kiboriloni, na hii ni nyingine ya mwaka ule ule, haijawahi kuonja ndimu. Sisemi ipi ni ipi. Pitisheni polepole, mshike ukingoni, msimguse Kaisari usoni.