Wavu Hauvutwi Hivyo

[Kipindi kimerekodiwa Kisumu, Jumapili mchana.]

MWALIMU: Hamjambo nyote. Leo mtusamehe kwa kelele. Tuko chumba cha juu karibu na soko la Kibuye, na leo ni Jumapili, kwa hivyo huko chini mitumba, kuku na mhubiri mwenye spika wote wako kazini. Habari kubwa ni kwamba mwenzangu hayuko kwenye simu. Yuko hapa mbele yangu, anamaliza njugu zangu.

MSANII: Njugu ni za kipindi, Mwalimu. Habari zenu, wapendwa.

MWALIMU: Kwa wale wageni: huyu nilimfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, nikamtia kwenye mchezo wetu wa tamasha la maigizo, na tangu siku hiyo hajawahi kunyamaza. Sasa anasomea uigizaji Scotland. Unaingia mwaka wa ngapi?

MSANII: Wa tatu. Na watu waelewe, Scotland shahada ni miaka minne. England ni mitatu, Scotland ni minne. Shangazi zangu wanadhani nimerudia darasa.

MWALIMU: Shangazi hawakosi neno. Na wakikuuliza, wanamtaja Lupita Nyong'o, si ndio?

MSANII: Kila mmoja! "Familia yao ni ya hapa hapa, alipata Oscar, wewe je?" Ni kweli, Oscar alipata 2014, chuo cha Yale, Marekani, alimaliza 2012. Lakini kuna kitu shangazi hawakijui. Mwaka wa 2009, akiwa mwanafunzi huko Yale, alikuwa mwigizaji wa akiba katika mchezo mmoja. Akiba, Mwalimu. Unakariri mistari yote, unakaa nyuma ya jukwaa, unangoja mwenzako augue. Mchezo ule ule akaja kuucheza mwenyewe Broadway 2016. Piga hesabu hiyo miaka.

MWALIMU: Saba. Mimi wanafunzi wangu nikiwapa nafasi ya akiba, mzazi anakuja shuleni na mwavuli.

MSANII: Wa nini?

MWALIMU: Sijawahi kuuliza. Haya, tulipata swali kutoka kwa msikilizaji wa Nakuru, yuko kidato cha nne, anataka kwenda kusomea sanaa ng'ambo. Anauliza: unaishije? Unajilipia kwa kuigiza?

MSANII: (anacheka) Aki huyu mtoto. Ebu nimweleze polepole. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza inakuruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Vizuri. Halafu inakuorodheshea kazi zilizokatazwa. Moja ni mchezo wa kulipwa, kama soka. Nyingine ni burudani.

MWALIMU: Burudani ipi?

MSANII: Kuigiza, Mwalimu. Kama ni sehemu ya kozi yako, sawa, cheza. Nje ya kozi, mtu akikuita akulipe upande jukwaani, huruhusiwi.

MWALIMU: Ngoja. Umeenda kusomea uigizaji, na unaweza kulipwa kwa kazi yoyote...

MSANII: ...nyingine. Naweza kufagia ukumbi wa maonyesho. Naweza kuuza tiketi mlangoni. Mimi naosha vyombo mkahawani.

MWALIMU: Na mama yako anajua?

MSANII: Anajua niko "kwenye mambo ya hoteli". Lakini nikwambie ukweli, pale kwenye sinki ndipo nilipojifunza mistari kuliko darasani. Kuna mashine ya kuosha, unapakia trei, unafunga, inanguruma dakika mbili hivi, unafungua, mvuke unakupiga usoni. Nikaweka karatasi za mchezo ndani ya mfuko wa plastiki, nikazibandika kwenye vigae juu ya bomba. Trei ikiingia, naanza ukurasa. Ikitoka, lazima niwe nimefika mwisho bila kutazama. Mpishi alidhani nasali. Siku moja akaja pole pole akaniambia, "Niombee na mimi, mke wangu amenuna."

MWALIMU: Ukamwombea?

MSANII: Nilimpa mistari sita ya mama mkwe mwenye hasira. Akashukuru sana.

MWALIMU: Huyu wa Nakuru anataka pia kujua gharama.

MSANII: Karo aulize chuo chenyewe, maana zinatofautiana sana. Lakini kuna zile zinazokuvizia. Unapimwa kifua kikuu kabla ya viza, hilo ni lazima kwa sisi wa Kenya. Halafu kuna ada ya matibabu, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na unalipa miaka yote kwa mpigo kabla hujaona hata theluji. Nyumbani tulifanya harambee kwa karo, hii ada tukaja kuikuta mlangoni. Ng'ombe mmoja alienda hapo. Tuendelee, nisije nikalia.

MWALIMU: Pole. Darasani sasa. Kuna jambo uliniandikia mwaka jana usiku wa manane, la Nyerere.

MSANII: Eeh! Mwalimu wa sauti alituambia kila mtu alete hotuba moja ya Shakespeare. Wenzangu wakaleta zile zile. Mimi nikabeba *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Nyerere ya 1969. Huyu mzee alisoma Edinburgh, 1949 hadi 1952, mwendo wa saa moja kwa treni kutoka ninapoishi. Kwanza nikawaeleza kichwa. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara, mmoja tu. Nyerere akasema mabepari. Darasa likaamka! Wakaanza kubishana kama tafsiri inaruhusiwa kutoa hukumu hata kabla pazia halijafunguka.

MWALIMU: Na wewe ukasimama upande gani?

MSANII: Wa mzee, bila shaka. Ila raha yenyewe ilikuwa kwenye mizani. Ule mstari wa Kiingereza una silabi kumi, dhaifu, nzito, dhaifu, nzito, unaishia kwenye nzito. (anagonga meza) Ta-TAM ta-TAM. Sasa Kiswahili mkazo wetu uko wapi?

MWALIMU: Silabi ya pili kutoka mwisho. Hata mtoto wa darasa la sita anajua.

MSANII: Basi! Neno letu haliwezi kuishia kwa kishindo, linaishia kwa kuteremka. Be-PA-ri. Nilipoisoma kwa sauti, mwalimu akafunga macho, akaniambia, "Hiyo inatembea kama mtu anayeshuka ngazi." Nikamwambia sisi tuna mizani yetu, 8 kwa 8, inatosha kuimbwa. Nikamwimbia ubeti.

MWALIMU: Ule niliokufundisha.

MSANII: Ule uliotuchapa nao, Mwalimu.

MWALIMU: Tuendelee.

MSANII: Sasa hiyo ndiyo siku nzuri. Mbaya zipo. Muhula wa kwanza katika michezo ya chuo nilikufa mara mbili na kubeba trei mara tatu. Kila mchezo ukiwa na mkimbizi mwenye huzuni, wanageuka wananitazama. Mwelekezi mmoja akaniambia, "Tumia maumivu yako." Nikamwuliza yapi? Mimi nimekulia Manyatta, mtaa wa hapa Kisumu, shida yetu ilikuwa maji ya bomba na jirani mwenye redio. Akasikitika kabisa.

MWALIMU: Ulimnyima maumivu.

MSANII: Ndipo nikaandika wangu. Tulipewa kazi, kila mtu atengeneze mchezo wa peke yake, na ile bora ingepelekwa Edinburgh mwezi wa nane, kwenye tamasha la Fringe. Alama za kozi, kwa hivyo viza haina neno. Nikamchukua Nyamgondho.

MWALIMU: Mwana wa Ombare. Ebu wakumbushe wa Nakuru.

MSANII: Mvuvi maskini wa Gwassi, huku kwetu ziwani. Siku moja wavu unamletea kikongwe badala ya samaki. Anataka kumrudisha majini, kikongwe anamwambia nichukue. Anamchukua, na mali inaanza kumiminika: ng'ombe, mbuzi, wake wengine. Akalewa mali na akalewa pombe. Usiku mmoja anarudi amelewa, hafunguliwi lango haraka, anamtukana yule mwanamke na alikotoka. Asubuhi mama anainuka, anaelekea ziwani, na mifugo yote inamfuata mpaka ndani ya maji. Nyamgondho anabaki ufuoni ameegemea fimbo yake, anageuka mti.

MWALIMU: Na wewe uko peke yako jukwaani. Ng'ombe umewatoa wapi?

MSANII: Leso moja na kigoda. Vyote vilitoshea kwenye sanduku la kilo 23 pamoja na unga wa mtama wa nyanya. Leso ikivutwa ni wavu, ikijifunga ni kikongwe, ikiburutwa chini ni kundi zima linaondoka. Na nikaupanga kama siwindhe, nyumba ya nyanya, watu wakae sakafuni.

MWALIMU: Hapa ndipo ninapokuuliza kila siku. Umepanda ndege, umeuza ng'ombe, ukaenda kujifunza siwindhe? Nyanya yako yuko hapa, bure!

MSANII: Nyanya alinipa hadithi. Hakunipa dakika 50 kamili, taa mbili, na kikundi kingine kinachogonga mlango kinataka kuingia. Fringe ni hivyo. Ilianza 1947, vikundi 8 vikazamia tamasha rasmi bila mwaliko, kama watu wa harusi ya jirani. Mpaka leo ni fujo hiyo hiyo, ila kubwa. Asubuhi unasimama barabarani na vipeperushi, unabembeleza watu. Kazi ya makanga, Mwalimu! Nilipoona wenzangu wanaona haya, nikapiga mluzi, nikaita, "Wawili! Wawili wa mwisho!" Tukajaza.

MWALIMU: Ukumbi mzima?

MSANII: Chumba cha watu 40. Siku ya kwanza walikuja 11. Naingia, nakaa kwenye kigoda, natoa sauti: "Paukwa!"

MWALIMU: ...

MSANII: Hivyo hivyo! Hivyo ulivyonyamaza ndivyo walivyonyamaza. Nikarudia. "Paukwa!" Mzee mmoja akakohoa. Nilitokwa na jasho mpaka mgongoni. Maana mimi nimezoea hadhira ya kwetu, ambayo ukichelewa kidogo inakumalizia hadithi.

MWALIMU: Fanani bila hadhira ni mwendawazimu. Nilikuwa nawaambia darasani.

MSANII: Siku ya tatu nikabadilisha. Nikawa nasimama mlangoni wanapoingia, namfundisha mmoja mmoja, sikioni, kama siri: "Nikisema hivi, utasema pakawa." Basi. Nikiita, hadhira inaitika, kwa lafudhi hizo zao, "pa-ka-WAA", mkazo umekaa mahali si pake, lakini inaitika. Mwisho nikafunga kwa Kijaluo, "Thu tinda!", nikawaombea kimo cha mti mrefu wa kwa mjomba. Wakakaa tu. Hawakujua imeisha. Fundi wa taa ikabidi azime.

MWALIMU: Sasa Jumatano ukaucheza Dunga, ufuoni hapa Kisumu. Mimi nilikuwepo, lakini simulia wewe.

MSANII: Yaani Jumatano... Pale ufuoni, watu wamekalia mitumbwi iliyopinduliwa, akina mama wanakaanga samaki pembeni. Hakuna taa, jua tu. Nasema "Paukwa", na "Pakawa" inarudi hata kutoka kwa mtu aliyekuwa ndani ya maji anaosha pikipiki.

MWALIMU: Nilimwona.

MSANII: Nafika mahali pa kuvuta wavu. Edinburgh hapo ndipo palikuwa pangu. Navuta leso kwa nguvu, mikono yote miwili, naanguka nyuma. Gazeti dogo la wanafunzi lilipasifu. Dunga nikaanza tu kuvuta, wakacheka. Nikadhani nimepasua nguo. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Wavu hauvutwi hivyo!"

MWALIMU: Na akainuka!

MSANII: Akainuka, akanipokonya leso katikati ya mchezo. Akabana goti kwenye ubao wa mtumbwi, akaanza. Mkono huu, mkono ule, hana haraka, na anaukunja miguuni kadiri unavyokuja, la sivyo utalala ukifumua mafundo. Leso ya shilingi mia tano, Mwalimu, na mimi niliona ina uzito. Niliona maji yanachuruzika. Halafu akanirudishia, akasema, "Endelea, mama." Nikasahau mstari.

MWALIMU: Ulisahau mistari mitatu. Mama mmoja wa samaki ndiye aliyekukumbusha kikongwe anasema nini.

MSANII: Na alikosea, lakini neno lake lilikuwa bora. Nimeliandika.

MWALIMU: Kwa hivyo unarudi na mchezo mwingine.

MSANII: Ule ule. Ila nilirudi Dunga Alhamisi na jana, nikamwomba yule mzee anipeleke. Saa kumi na moja alfajiri tuko majini. Tazama hizi.

MWALIMU: (kimya kidogo) Wasikilizaji, ananionyesha viganja. Si vya mtu wa chuo. Lakini niambie, huko Scotland watu watajua tofauti?

MSANII: Hawatajua.

MWALIMU: Na alama zilishatolewa.

MSANII: Zilitolewa. Lakini kule nilikuwa nikishuka jukwaani kila siku nakunywa dawa ya mgongo. Jana nimevuta wavu wa kweli saa nzima, na mgongo haukuuma.

MWALIMU: Haya. Spika ya mhubiri imerudi, na tuktuk ya kukupeleka kwa nyanya iko chini inapiga honi. Beba njugu.