Kiazi cha kuchemsha na kiazi cha majivuni sio kitu kimoja

Haya jamani, mwangaluka! Waliokaa juani sogeeni huku chini ya mwembe, leo tunaongelea tumbo, na tumbo halitaki haraka.

Kabla sijaanza, kila mtu achukue tonge dogo kwenye ile sinia, ugali mtupu bila mboga. Weka mdomoni, usimeze, tafuna tu, we baba umeshameza nakuona, chukua lingine. Endeleeni mpaka sitini. Enhe, nani anasikia kautamu? Na sukari hatujaweka hata punje. Ni mate hayo, yana kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari, kwahiyo kazi imeshaanzia mdomoni, tumbo linakoroga na kuachia kidogokidogo, halafu utumbo mdogo ndo unamalizia kukata mpaka inakuwa glukosi inaingia kwenye damu, na kongosho nalo linatoa insulini ili ile sukari iingie kwenye seli isibaki inazurura.

Sasa ugali, wali, viazi, maharage, wanga wake mwingi ukishasagika mwisho wa safari ni glukosi ileile, ila kuna unaofika mbio na kuna unaofika kwa mguu. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake kule Toronto, Kanada, walitoa kipimo cha hiyo mbio, glukosi yenyewe wakaipa 100 vingine vikalinganishwa nayo, cha 55 kushuka chini ndo cha polepole. Maharage mengi yako huko chini.

Hapa nawaudhi watu wa dona. Dona ni nzuri, ina pumba na kiini, naila, ila ukishaisaga ikawa unga laini vimeng'enya vinaipata kirahisi tu, kwahiyo usijipe ruhusa ya mlima wa ugali eti kwa sababu ni dona. Makande je? Punje iko nzima, ganda lipo, vimeng'enya vinahangaika kuingia, na humo humo kuna maharage. Chakula ambacho watoto wanakikimbia shuleni ndo kinachotulinda, we acha tu.

Na kiazi kitamu sasa. Cha kuchemsha kinapandisha sukari taratibu kuliko kile cha kufukia majivuni, maana moto ule wa polepole unageuza wanga kuwa sukari humo humo ndani ya kiazi, si mnaonaga kinavyochuruzika kama asali pembeni? Kiazi kilekile, shamba lilelile. Na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha, yamekaushwa, maji hakuna, kwahiyo kagao kamoja tu kana wanga wa viazi kibao, msiwe mnatafuna huku mnapiga stori mpaka bakuli linaisha.

Mnacheka nini huko nyuma? Najua, gesi. Ile sehemu ya maharage ambayo utumbo mdogo umeshindwa inashuka utumbo mpana, bakteria wanaila, wanatoa gesi lakini wanatoa na asidi zinazolisha ukuta wa utumbo, yani ni kodi ya nyumba hiyo. Loweka usiku, maji mwaga, na kama hujazoea anza na kidogo.

Mama wa kilemba cha kijani ameuliza swali zuri, mume wake anachoma insulini na juzi alianza kutetemeka na kutoka jasho, akampa makande. Hapana mama, hapo sukari imeshuka, na chini ya 4 (mmol/L) kwenye kile kimashine cha kupimia sukari ni hatari, makande yatafika yamechelewa. Mpe kijiko kimoja cha chakula cha asali au sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado chini rudia, ikipanda ndo ale hayo makande. Akiwa amezimia usimwagie kitu mdomoni, atapaliwa, kimbiza hospitali. Asali Tabora hii tunakosaje, weka chupa karibu na kitanda.